Nilinunua grinda ya kahawa ya meno, baba akaifungua kama bunduki siku ambayo sikutakiwa kukosea

Wakuu, salamu kutoka Kyebando, Kampala.

Ninachoandika hapa si chai. Ni kahawa, na imetokea kweli, kwangu mwenyewe, mwaka huu.

Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili kwa muda mrefu. Kiswahili changu cha kuandika nimekiokota humu humu kwenye nyuzi zenu, maana kile nilichozaliwa nacho ni cha kambi ya polisi, na mkikisikia mtanicheka hadi kesho. Nikikosea nirekebisheni taratibu.

Uzi ni mrefu. Nimeuandika wote hadi mwisho kabla ya kuubandika, kwa hiyo hakuna atakayeachwa njiani akidai "lete nyama".

Nianze kwa kukiri: mimi ni mtu wa wasiwasi.

Nikifunga kufuli narudi kulivuta mara tatu. Kazi yangu ni kupanga kurasa kwenye duka la uchapishaji mjini, kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za makanisa. Sikusomea. Nilijifunza kwa kuangalia video na kuharibu karatasi za watu. Herufi ikisogea kidogo tu kushoto, mimi silali. Wenzangu kazini wananiita Rula.

Nina miaka ishirini na sita na ni binti.

Baba yangu ni mtu wa Zombo, huko West Nile juu, karibu na mpaka wa Congo. Aliingia polisi miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, sisi tukazaliwa na kukulia kambini. Alipostaafu alirudi nyumbani, kwenye kilima chenye kahawa aliyoipanda bibi, mama yake, kwa mkono wake.

Sasa angalieni ajabu hii.

Katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kuinywa kahawa ile. Ilichumwa, ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikapelekwa kwa mtu wa mizani, mnunuzi, kule barabarani. Sisi tulikunywa chai. Hata bibi mwenyewe alikufa akiwa mtu wa chai.

Mwaka jana baba alinitumia mfuko mkubwa kwa basi, akasema kwenye simu, "Wewe mtu wa mjini unayekunywa kahawa za hoteli, haya, kunywa na ya bibi yako."

Alikuwa anatania. Mimi sikujua kutania. Nikaingia mzima mzima.

Nilitwanga taratibu kutoa ganda, nikapepeta kwa ungo, nikakaanga kwenye kikaango juu ya sigiri, jiko la mkaa, hadi punje zikaanza kulia kama bisi. Harufu ilijaa chumba. Nikajua hapa kuna kitu.

Tatizo likawa kusaga.

Kwanza nilitwanga kwa kinu. Nikapata vumbi na mawe pamoja. Wakuu, kwa ambaye hajui: vumbi linatoa uchungu haraka sana, mawe hayatoi kitu, yanabaki na uchachu. Ukivichanganya kikombe kimoja unakunywa ugomvi.

Ndipo nikafanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa Kampala tu anaweza kulifanya.

Nilipeleka kahawa kwenye mashine ya binyebwa.

Kila soko hapa lina mama mwenye mashine ya kusaga karanga. Karanga tunaziita binyebwa, na mchuzi wake ndio chakula cha kila nyumba. Mashine yenyewe ina sahani mbili za chuma zinazosuguana, unamimina karanga juu, uji mzito unatoka mbele. Ya kwetu ni ya Nalongo. Nalongo maana yake ni mama aliyezaa mapacha, na huyu amezaa mapacha mara mbili, kwa hiyo haogopi mtu.

Nikamuuliza, "Nalongo, unaweza kunisagia kahawa?"

"Naweza kusaga kila kitu, mume wangu tu ndiye bado. Lete."

Akasaga. Ilitoka laini, sawasawa, nyeusi, nzuri ya kupiga picha. Nilifurahi nikaahidi wenzangu kazini kwamba kesho nawaletea kahawa ya kwetu. Asubuhi nikatengeneza flaski nzima bila kuonja. Mimi, Rula, sikuonja.

Mwenzangu mmoja alifungua flaski, akamimina, akaangalia macho ya mafuta yanayoelea juu.

"Rula, hii ni supu ya nini?"

Ilinuka mchuzi wa karanga. Ilikuwa na ladha ya mchuzi wa karanga uliounguzwa. Walicheka hadi bosi akatoka ofisini, na bosi naye akapewa kikombe.

Najua kwenu ni jambo dogo. Kwangu lilikaa. Tangu siku ile nilikunywa kahawa yangu peke yangu, mlango umefungwa. Mgeni akija nampa soda.

Ndipo nikaamua kununua grinda ya kweli.

Hapa niseme nilichojifunza, maana najua kuna wakuu watakaosoma uzi huu kwa ajili ya sehemu hii tu.

Kuna grinda za kisu na grinda za meno. Ya kisu ni blenda iliyobadilisha jina, inakatakata bila mpango, mwisho unarudi kwenye vumbi na mawe. Ya meno, wauzaji wanaiita burr, ina meno mawili ya duara, moja ndani ya jingine. Punje inapita katikati, na haitoki mpaka iwe ndogo kuliko nafasi iliyopo. Wewe unaamua nafasi. Hiyo ndiyo siri yote.

Ya umeme niliiacha. Umeme wa kwetu mnaujua. Halafu naishi kwenye muzigo, chumba kimoja cha kupanga katika safu ya vyumba vinane, ukuta mmoja kati yangu na jirani ambaye ni mlinzi na analala asubuhi. Nikiwasha mashine saa moja atanizika.

Kwa hiyo ya mkono.

Niliipata mjini kwenye duka la vyombo la Mkongo mmoja wa Butembo, tunamwita Papa Neema. Alikuwa nazo mbili. Moja ya meno ya kauri, moja ya meno ya chuma. Nilienda kuziangalia mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu nikiwa na tochi. Mara ya nne Papa Neema aliniona kwa mbali akawaambia wateja wake, "Angalieni, mkwe amekuja."

Halafu kwangu, "Dada, unanunua mashine ao unaichumbia?"

"Papa Neema, nataka kuona tu kama mti wa katikati unacheza."

"Unacheza? Iko na miguu?"

Lakini nilikuwa na sababu. Shikeni grinda yoyote ya mkono, tikiseni ule mti wa chuma unaozungusha meno. Ukicheza kushoto na kulia, meno hayakai katikati, upande mmoja utasaga vumbi na mwingine mawe. Ile ya kauri ilicheza kama jino la mtoto. Ile ya chuma ilikaa imara, imeshikwa juu na chini. Nikachukua ya chuma. Papa Neema alinifungia kwenye gazeti akasema, "Mungu abariki ndoa."

Nikafika nyumbani nikiwa mtu wa maana duniani.

Wiki ya kwanza kahawa ilikuwa chungu.

Ya pili, chungu. Miezi ikapita, chungu. Maji yalikwama kwenye kichujio cha kitambaa kama yamemwagwa kwenye matope, nasubiri dakika nane, tisa, kinatoka kitu cheusi kinachong'ata ulimi. Na nilikuwa nafuata namba! Juu ya grinda kuna pete yenye namba, ukiizungusha inalia klik, klik. Watu wa video walisema kwa kichujio weka kliki ishirini na mbili. Nikaweka ishirini na mbili. Sikutoka hapo hata siku moja. Ningetoka vipi, wakati wataalamu wamesema?

Nikalaumu kila kitu kingine. Nikalaumu maji, nikanunua ya chupa. Nikalaumu moto. Nikalaumu mikono yangu, nikaanza kukaanga kahawa kwa muda mfupi zaidi, kisha mfupi zaidi, hadi ikawa chungu na chachu kwa wakati mmoja, jambo ambalo sikujua linawezekana. Niliandika kila kikombe kwenye daftari la shule. Daftari likaisha, nikanunua la pili.

Kuifungua grinda yenyewe niliogopa. Niliona nikiifungua haitafungika tena sawasawa, na kitu pekee kizuri nilichonacho nitakuwa nimekiua.

Basi tuko hapo, Jumanne moja, baba akapiga simu.

"Nyara." Hiyo ni kwetu, kwa Kialur, binti yangu. "Nakuja Kampala kwa daktari wa macho. Jumapili nashinda kwako, Jumatatu hospitali, Jumanne narudi."

"Karibu baba."

"Na nimeongea na mtu wa msumeno. Nikirudi anaanza kazi. Naondoa kahawa, naweka mikaratusi."

Nilikaa chini.

"Baba, yote?"

"Yote. Nimechoka nayo. Tangu enzi za bibi yako mtu wa mizani anashika punje, anatazama, anasema 'ya kawaida'. Kila mwaka ya kawaida. Miti iliyozeeka inayotoa kitu cha kawaida, ya nini? Mikaratusi haihitaji kusifiwa."

Nilitaka kumwambia kwamba kahawa yake ni nzuri. Lakini wakuu, ningeisema kwa ushahidi gani? Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kunywa kikombe kizuri cha kahawa ile. Niliijua kwa harufu tu, ile ya siku ya kwanza kwenye sigiri.

Nikasema, "Baba, Jumapili nitakupa kahawa."

"Nipe chai," akasema, akakata.

Nilikuwa na siku nne.

Jumatano chungu. Alhamisi chungu. Ijumaa nilitoka kazini mapema nikapita sokoni kununua binyebwa za mchuzi wa baba, nikiwa nimekata tamaa hadi miguuni. Nalongo alikuwa ndiyo kwanza amefungua mashine yake kuisafisha na sasa anaifunga.

Nikasimama kutazama kwa sababu sikuwa na nguvu ya kufanya kitu kingine.

Aliwasha mashine ikiwa tupu. Haina karanga ndani, haina chochote. Akawa anakaza ile skrubu kubwa ya pembeni huku ameinamisha kichwa, haangalii kabisa. Anakaza, anakaza. Ghafla sahani zikalia, mlio mwembamba, *shiii*. Palepale akairudisha skrubu nyuma kidogo. Mlio ukakata. Akazima, akafuta mikono.

"Weye," akaniambia, "unasimama kama mti wa stima. Unataka nini?"

"Nalongo, umejuaje pa kusimamia?"

"Nimesikia."

"Namba iko wapi?"

"Namba ya nini? Iko na namba hii?" Akaipiga mashine kofi. "Unakaza, chuma inagusa ndugu yake, inalia. Hapo ndiyo nyumbani. Halafu unahesabu kutoka nyumbani. Ukikosa kujua nyumbani, utahesabu kutoka wapi, kwa jirani?"

Nilihisi kichwa changu kinapigwa kengele.

Nikamwambia kuhusu grinda, na ile flaski ya kazini. Akanikazia macho, akanitambua.

"Banange! Wewe ndiye ule wa supu ya kahawa!" Akawaita wenzake wa nyanya na wa dagaa waje kuniona. Walikuja. Niliona aibu, lakini wakuu, ile aibu ilikuwa nyepesi, sijui kwa nini. Nikacheka nao. Akanipimia binyebwa, akaongeza konzi moja ya bure, akasema, "Enda fungua hiyo kitu yako. Haina mume, haitakupiga."

Nikaenda nikaifungua.

Nilitandaza kanga, nikatoa kila kipande nikikipiga picha kwa simu ili nisisahau mpangilio. Nikasugua meno kwa mswaki mkavu, unga wa kahawa wa miezi mizima ukatoka. Nikarudisha, nikaanza kuzungusha mkono ikiwa tupu huku nakaza pete.

Ikalia. *Shiii.*

Nikaangalia namba. Tisa.

Nyumbani kwa grinda yangu palikuwa kwenye tisa! Ile pete inaweza kukaa popote ukiifunga, na kiwandani au dukani mtu aliifunga alivyopenda. Kwa hiyo ishirini na mbili yangu ilikuwa kumi na tatu ya kweli. Miezi yote ile nilikuwa nasaga unga wa poda, nautupia maji ya moto, halafu namlaumu Mungu.

Nikafungua pete, nikaiweka upya, sifuri ikakaa kwenye mlio. Nikahesabu ishirini na mbili. Nikasaga, nikachukua konzi, nikaisugua kati ya vidole. Kama mchanga wa mtoni, chembe zote saizi moja.

Maji yalipita kwa dakika tatu.

Nikaonja nimesimama. Halafu nikakaa sakafuni. Kulikuwa na utamu, wakuu. Bila sukari. Na kitu kama ganda la chungwa mwishoni, kinakuja ukishameza. Ile ya "kawaida".

Jumamosi nilirudia mara nne kuhakikisha. Nne zote sawa. Nikaweka grinda mezani ikiwa imepimwa tayari, nikaifunika kwa kitambaa kama keki ya harusi.

Jumapili baba akafika, amenyooka kama yuko paredi, ingawa ni mzee na macho yana ukungu. Akakataa kochi, akachagua kiti cha plastiki. Tukala mchuzi. Akaniuliza kazi, akaniuliza mchumba, nikajibu la kwanza.

Sukari ilikuwa imeisha. Najua, najua. Mtu anayeandika kila kikombe kwenye daftari alisahau sukari. Nikamwambia, "Baba, dakika tano," nikakimbia dukani.

Niliporudi, kitambaa kilikuwa kimetandazwa mezani, na juu yake vipande vyote vya grinda vimepangwa mstari mmoja, kuanzia kikubwa hadi kidogo. Baba alikuwa anafuta jino la ndani kwa leso yake.

"Baba!"

"Nini?"

"Umefanya nini?"

"Kagua chombo kabla ya kazi. Ilikuwa na vumbi."

"Ilikuwa tayari!"

"Tayari, tayari. Hata bunduki ya mwenzako ukipewa unaifungua kwanza. Hujui mwenzako ameilisha nini."

Akaanza kuirudisha, mikono inakwenda yenyewe bila kuangalia, kama nilivyomwona akifanya nikiwa mdogo mlangoni kambini. Haraka kabisa grinda ikasimama nzima. Mezani kikabaki kijiduara chembamba cha chuma, wosha.

Baba akakitazama kwa jicho moja, kisha jingine.

"Hii ni ya ziada," akasema.

Wakuu, mimi ninayevuta kufuli mara tatu, hapo ndipo ningelia. Nikaona msumeno. Nikaona kilima kitupu.

Halafu nikasikia nacheka. Sijui ilitoka wapi. Labda ni ile sura yake, ofisa mzima anadanganya kuhusu wosha.

"Hakuna ya ziada, afande. Fungua tena."

Akafungua. Nikatafuta picha kwenye simu, tukaona wosha inakaa chini ya springi, tukaiweka. Ikabaki kutafuta sifuri. Nikaanza kuzungusha, na hapo kanisa la nyuma yetu likaanza sifa. Mnazijua spika za Kampala Jumapili. Ngoma, kinanda, mchungaji anapiga kelele, bati letu linatetemeka. Sikusikia meno, sikusikia hata sauti yangu.

"Unatafuta nini?" baba akauliza kwa kupaza.

"Mlio! Chuma kikigusa chuma!"

"Mimi sikio hili lilikwenda na mazoezi ya shabaha! Sikiliza wewe!"

Akachukua mkono wa grinda akawa anazungusha yeye. Mimi nikaibana grinda kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nikapiga magoti karibu na kiti chake, nikakaza pete klik baada ya klik. Vichwa vyetu viligusana. Sijawahi kukaa karibu naye hivyo tangu nikiwa mtoto mwenye malaria.

Sikuusikia mlio. Niliuhisi, kwenye fuvu, mkwaruzo mdogo.

"Hapo!"

"Hapo nini?"

"Hapo ndiyo nyumbani!"

Nikahesabu ishirini na mbili kwa sauti, na baba akahesabu pamoja nami. Akasaga yeye, akakataa kuniachia. Nikamwonyesha chembe, akazisugua kwa vidole, akanusa vidole.

Maji yakapita.

Nikamwekea kikombe. Akanyoosha mkono kwenye sukari.

"Baba, funda la kwanza bila sukari. Moja tu."

"Kahawa bila sukari ni adhabu ya selo."

"Moja."

Akanywa. Kanisani walikuwa wamefika kwenye maombi, kwa hiyo palikuwa na utulivu wa ghafla na nilimsikia akimeza. Akanywa tena. Akaangalia ndani ya kikombe kama kuna mtu.

"Hii umenunua wapi?"

"Ni yako."

"Usinichezee, nyara."

"Ni yako, baba. Ya bibi. Ule mfuko."

Nilimletea mfuko. Niliutoboa ubavuni, kwa hiyo bado ulikuwa na kamba yake, na fundo lake lile la polisi ambalo hakuna mtu mwingine anayelifunga. Alilishika fundo muda mrefu kuliko alivyoshika kikombe.

"Mama yangu hakuonja hii," akasema.

Nikamjazia kikombe.

Akanywa vikombe vitatu. Cha pili alitia sukari vijiko viwili, na sikusema neno, haki ya Mungu. Cha tatu hakutia. Kisha akatoa simu, akampigia mdogo wake kijijini, akaongea Kialur kwa sauti ya amri. Nitawatafsiria: mwambie mtu wa msumeno asipande kilima. Mdogo wake akauliza kitu. Baba akasema, "Kwa sababu nimesema. Na usiuze gunia hata moja mpaka nifike."

Nilienda nje nikajifanya naanua nguo.

Jumanne asubuhi nilimsindikiza kwenye basi. Begi lake lilikuwa zito kuliko alipokuja. Niliporudi nyumbani nikakuta kitambaa mezani kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, na grinda haipo.

Nikampigia. "Baba, umechukua grinda?"

"Imepata uhamisho," akasema. "Inahitajika kazini."

Sasa ni miezi miwili. Msimu huu baba alimwita mtu wa mizani hadi kilimani, akamkalisha chini, akamsagia mbele yake, akampa kikombe. Baba anasema yule bwana, ambaye maisha yake yote amenunua kahawa, hakuwahi kunywa ya kilima kile, na aliomba cha pili. Neno "ya kawaida" halikutamkwa. Miti imesimama, na baba anaikata matawi ya zamani moja moja ili ichipue upya. Baba mdogo analalamika kwamba nyumbani hakuna tena chai.

Juzi simu iliita nikiwa kazini.

"Nyara, nimeisafisha, nyumbani pamepotea."

"Zungusha ikiwa tupu, baba. Weka simu karibu."

Nikaziba sikio la pili kwa kidole katikati ya mashine za uchapishaji. Alikuwa anahema. Klik. Klik. Klik. Kisha, kutoka Zombo, ukaja ule mlio.

"Hapo hapo," nikamwambia.

Wenzangu waliuliza naongea na nani. Nikawaeleza yote. Kesho yake niliwaletea flaski, ya unga aliousaga baba akanitumia kwa basi. Nilionja kwanza, lakini mara moja tu.

Nilichopata katika haya yote, wakuu: kabla ya kufuata namba ya mtu, tafuta sifuri ya mashine yako mwenyewe, na usiogope kuifungua. Vipande vikitandazwa mezani havijafa. Na kama una kitu kizuri umekificha kwa sababu bado hakijakamilika, mpe mtu wako aonje kabla hajaita msumeno.

Sasa mimi sina grinda. Natafuta ya pili, ya mkono, meno ya chuma, mti usiocheza. Papa Neema ameshanitangazia kwamba kuoa mara ya pili kunahitaji ruhusa ya mke wa kwanza. Wenye uzoefu semeni mnatumia zipi na nyumbani kwake mnapapataje. Na wale ambao wazazi wao wanalima kahawa na hawajawahi kuinywa, nataka sana kuwasikia. Kikao ni chenu.